Filimbi ya sekunde ya mwisho: usahihi na msimamo wa marefa katika kikapu cha vyuo Marekani

Aprili 6, 2019, mjini Minneapolis, nusu fainali ya wanaume ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Auburn wanaongoza 62-60 dhidi ya Virginia na sekunde zinayoyoma. Ty Jerome wa Virginia anapandisha mpira, unamgonga kisigino na kumponyoka. Anaushika, kisha anaanza kuudunda upya. Kosa hilo mtoto hufundishwa siku zake za mwanzo kabisa uwanjani. Hakuna filimbi. Muda mfupi baadaye Kyle Guy anaruka kurusha pointi tatu kutoka kona, Samir Doughty wa Auburn anamwingilia mwilini, na safari hii filimbi inalia. Zimebaki sekunde 0.6. Guy anatumbukiza mitupo huru yote mitatu, Virginia wanashinda 63-62, na siku mbili baadaye wanatwaa ubingwa.

Kila ubishi wa marefa unapozuka narudi kwenye mchezo huu, kwa sababu ya jambo moja lililonishangaza: hasira kubwa ya mashabiki iliangukia filimbi iliyokuwa sahihi. Guy alikuwa hewani na Doughty alimnyima nafasi ya kutua. Ingekuwa dakika ya 10 ya kipindi cha kwanza, hakuna ambaye angenyanyuka kwenye kiti. Kosa halisi lilikuwa lile la Jerome, na kwa kanuni za wakati ule marefa hawakuruhusiwa hata kulitazama kwenye video.

Tunapowalaumu marefa huwa tunachanganya mambo mawili. Moja ni usahihi: je, kilichopulizwa ndicho kilichotokea? La pili ni msimamo: je, kilichopulizwa hapa kinapulizwa na kule, mwanzo na mwisho, kwa mwenyeji na kwa mgeni? Makocha wengi hutanguliza la pili, na hoja yao ina uzito. Refa mkali wanaweza kumzoea, na refa anayepeta pia wanaweza kumzoea, mradi mchezaji ajue mapema mpaka uko wapi. Sisi Watanzania tuliomfuatilia Hasheem Thabeet akiwa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), hadi timu yake ikafika nusu fainali mwaka 2009, tunalielewa hili vizuri. Mzuiaji wa mipira ya juu anaishi ukingoni mwa faulo. Mguso uleule wa kiwiliwili ukipetwa usiku huu, yeye ni ukuta. Ukipulizwa kesho, anakaa benchi na faulo tatu kabla ya mapumziko. Na chuoni faulo ya tano inakutoa.

Hata hivyo, msimamo ukieleweka vibaya unazaa dhuluma ya aina yake. Mwaka 2009 watafiti Kyle Anderson na David Pierce walichapisha uchambuzi wa faulo katika michezo ya vyuo. Waliona kwamba kadiri timu moja inavyozidi kuwa na faulo nyingi kuliko nyingine, ndivyo uwezekano unavyoongezeka kwamba faulo inayofuata itapigwa kwa ile yenye chache. Kwa maneno mengine, marefa wanasawazisha mizani, pengine bila wao wenyewe kujijua. Atakayefaidika ni nani? Timu inayocheza kwa nguvu, inayosukuma na kuvuta tangu mwanzo, kwa sababu hesabu itajisawazisha yenyewe. Idadi sawa ya faulo kwenye ubao si ushahidi wa haki. Wakati mwingine ni ushahidi wa kufidia.

Haya, nao marefa wana la kusema, na ni la kweli. Wengi wao si waajiriwa wa kudumu kama wenzao wa NBA. Wanalipwa kwa mchezo, wanafanya kazi kwa kanda kadhaa, yaani makundi ya vyuo vinavyocheza ligi pamoja, na wanasafiri usiku kwa usiku. Daraja la Kwanza la vyuo lina timu zaidi ya 350 na kila mchezo unahitaji marefa watatu. Halafu kanuni zenyewe hazitulii. Swali la nani mwenye kosa mlinzi na mshambuliaji wanapogongana limebadilishwa mwaka 2013, likarudishwa nyuma, kisha likabadilishwa tena kwa msimu wa 2023-24: sasa mlinzi lazima awe ameshajiweka sawa kabla mshambuliaji hajakita mguu wa kurukia. Jicho lililozoea jambo moja kwa miaka linatakiwa kuzoea jingine kati ya majira mawili ya joto.

Kesi inayonipa shida kuliko zote ni ya wanawake, Aprili 5, 2024, Cleveland. Iowa 70, UConn 69, sekunde 3.9 zimebaki, na UConn wana mpira. Aaliyah Edwards wa UConn anasimama kumzibia njia Gabbie Marshall wa Iowa, yaani anamwekea kizuizi, filimbi inalia: kizuizi, ambacho hutakiwa kutulia, kilikuwa kinatembea. Iowa wakashinda 71-69. Waliopinga walisema vizuizi vya namna hiyo huachwa mchezo mzima, na kwa nini hiki? Swali hilo silidharau. Lakini ukiangalia mwili wa Edwards, alisogea. Ikiwa wengine waliachwa, lawama ni ya kuwaacha. Ukitaka msimamo kwa kunyamazia kosa la mwisho, umeongeza kosa juu ya makosa. Na refa anayekaa kimya si kwamba hajaamua. Kimya chake juu ya Jerome kiliamua mengi kuliko filimbi yoyote ya usiku ule.

Msimu wa 2025-26 makocha wa wanaume wamepewa haki ya kupinga maamuzi machache: mpira uliotoka umemgusa nani mwisho, mpira kuguswa isivyo halali ukiwa unashuka au ukiwa kwenye ringi, na mlinzi kusimama ndani ya nusu duara iliyo chini ya kikapu. Ni hatua nzuri. Ninachokidai zaidi ni kile ambacho NBA wanakifanya tangu Machi 2015: kuchapisha hadharani ripoti ya dakika mbili za mwisho za michezo ya karibu, ikitaja filimbi zilizokosewa na zile zilizokosekana. NCAA wanawapima marefa wao, lakini shabiki na mchezaji hawazioni alama hizo kwa utaratibu wa namna hiyo.

Faulo ya kugusana mwilini, inayogombanisha watu kuliko zote, haimo katika orodha ya kupingwa. Machi 2024 A.J. Staton-McCray wa Samford alimkimbilia mchezaji wa Kansas kutoka nyuma na kuuzuia mpira hewani, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi moja na sekunde 14.7 zimebaki. Marudio yalionyesha mkono ukigusa mpira. Filimbi ilisema faulo, Kansas wakaenda kwenye mstari wa mitupo huru na kushinda 93-89. Mchezo uleule ukichezwa leo, kocha wa Samford bado hana pa kupeleka pingamizi lake.