Polygondwanaland: Albamu ya Bure na Mashabiki Walioichapa Wenyewe

Mashabiki wa bendi ya roki ya Melbourne, Australia, King Gizzard & the Lizard Wizard hawana jina zuri kwa wapenzi wengine wa roki. Husemwa kwamba wanashangilia chochote kinachotoka Melbourne, kwamba hawachagui, na kwamba hujaza rafu santuri za albamu ile ile zinazotofautiana rangi tu. Mfano unaotajwa kuliko yote ni Polygondwanaland, albamu ya nne kati ya tano ambazo bendi hiyo ilitoa mwaka 2017.

Tarehe 17 Novemba mwaka huo waliiweka mtandaoni bure, pamoja na faili za masta, yaani rekodi ya mwisho iliyo tayari kuchapwa, na michoro ya jalada, wakamruhusu yeyote atakaye kuchapa kaseti, CD au santuri. Rekodi hii si yetu, walisema, ni yenu. Kilichofuata ni mamia ya matoleo, mengine ya lebo ndogo (kampuni za kutoa muziki) zenye uzoefu, mengine ya watu waliokuwa hawajawahi kuchapa chochote maishani.

Wanaolalamika wana la kusema. Albamu tano kwa mwaka mmoja haziachi nafasi ya kupunguza yasiyohitajika, na bendi yenyewe haikuwahi kudai kwamba zote zina uzito sawa. Matoleo yenye nakala chache yaliwavutia walanguzi. Na katika mpango huu fedha za mauzo hazikulazimika kumfikia aliyetunga. Lakini lawama hizi zinamchukulia shabiki kama mnunuzi tu, wakati mwaka ule wengi wao walikuwa wameingia upande wa pili wa meza, wakawa wachapaji.

Muziki wenyewe kwanza, maana ungekuwa mwepesi shauku ingeisha kwa wiki mbili. Wimbo wa kwanza, Crumbling Castle, una dakika 10 na sekunde 44. Gitaa huzunguka kwa hesabu yake, dramu kwa hesabu nyingine, na msikilizaji husubiri zikutane. Ndani ya albamu hiyo hiyo mna filimbi, sinteza, harmonika, magitaa ya akustika, Leah Senior akisimulia kwa sauti tulivu, na hapa na pale mngurumo unaokaribia metali. Nyimbo zimeunganishwa bila kituo, kwa hiyo ukiukata mmoja ukausikiliza peke yake unapoteza nusu ya maana yake. Kwa albamu ya namna hii, mahali pa kugawa pande na namna ya kuchonga mifereji ambamo sindano hupita ni sehemu ya usikilizaji.

Na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Upande wa kwanza una takriban dakika 21, wa pili takriban 23. Santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika hukaa vizuri na dakika 18 hadi 20 kila upande. Ukizidisha, mifereji inabidi ibanane, na njia ya kuibananisha ni kushusha kiwango cha sauti au kupunguza besi. Ukishusha sauti, mchakaricho wa plastiki unasikika zaidi, na mnunuzi atasema santuri ni dhaifu. Usiposhusha, mifereji inagusana na sindano inaruka.

Kisha kuna tatizo la katikati ya santuri. Pembezoni, sindano husafiri kama sentimita 51 za mfereji kwa sekunde. Karibu na karatasi ya katikati husafiri kama 21 tu. Sekunde moja ya sauti imefinywa kwenye chini ya nusu ya nafasi, na kinachoumia kwanza ni sauti za juu: matoazi, herufi "s" za mwimbaji, gitaa lenye mkwaruzo. Kwa desturi wimbo wa polepole ndio huwekwa mwisho wa upande. Polygondwanaland hufanya kinyume. Inamalizika na The Fourth Colour, wimbo wa zaidi ya dakika sita unaolipuka mwishoni kabisa, tena kwenye upande ulio mrefu zaidi. Sijui albamu nyingi zinazomtega mchongaji kwa makusudi kiasi hicho. Aliyetuma faili ya CD kama ilivyo na kuagiza sauti kubwa, alirudishiwa mlipuko uliovunjikavunjika. Aliyekubali kushusha kiwango kidogo, akaifanya besi ya chini iwe mono, yaani ile ile kwenye spika zote mbili, na kulainisha sauti za juu, alipata santuri inayosikilizika mpaka mwisho.

Maarifa haya yalikuwa ya mafundi. Sasa yako kwa mashabiki. Waulize kuhusu nakala za majaribio, zile chache ambazo kiwanda hukutumia kabla ya kuchapa mzigo wote, watakuambia cha kusikiliza. Mlio wa tiki unaorudi kila sekunde 1.8 ni wa mzunguko mmoja wa santuri: ukiwa mahali pale pale kwenye nakala zote, muhuri wa nikeli, yaani bamba linaloigandamiza plastiki iwe santuri, una dosari na lazima utengenezwe upya, ukiwa kwenye nakala moja, huenda ni vumbi au mkwaruzo. Sauti ikiyumba kwa mwendo huo huo, tundu halipo katikati. Ukisikia kama kitambaa kinachanwa, hasa upande mmoja wa spika, plastiki haikujaa chini ya mfereji, na mara nyingi sababu ni joto dogo au mashine kuharakishwa.

Hata kaseti ilikuwa na mtego wake. Utepe wa dakika 46 unaonekana kutosha albamu ya dakika 44, lakini una dakika 23 tu kila upande, na upande wa pili unazidi hapo kwa sekunde kadhaa. Unaponea kwenye ziada ndogo ambayo kiwanda huacha, au unakatwa wimbo ukiwa kwenye mlipuko. Salama ni utepe wa dakika 50.

Kuhusu rangi, wakosoaji wako sahihi zaidi kuliko mashabiki wanavyopenda kukiri. Gharama ya kuchonga laka, sahani ya kwanza ambayo mihuri hutokana nayo, na kutengeneza mihuri ni ile ile ukichapa nakala 100 au 1,000, kwa hiyo lebo ndogo hukusanya malipo kabla, na santuri yenye madoa ya zambarau huyakusanya haraka kuliko nyeusi. Huo ni uchuuzi. Tena kila rangi inapobadilishwa, mashine husafishwa kwa plastiki ambayo haiuziki kama santuri ya kawaida. Na jozi moja ya mihuri huweza kuchapa nakala kama 1,000 kabla ya kuchoka. Lebo nyingi zilitengeneza mihuri yao kwa nakala 300 au pungufu. Kumi kati yao zingeshirikiana, zingeokoa laka, nikeli na fedha. Waliochangishana kwa pamoja walifanya hivyo. Wengine walitaka jina lao mgongoni mwa jalada.

Hata hivyo, huwezi kumwita mtu shabiki asiyechagua wakati amekaa na nakala tatu akilinganisha dakika mbili za mwisho za upande wa pili, na kukueleza ipi imechongwa vizuri na kwa nini. Huo ndio uchambuzi wanaodaiwa kukosa.

Suala la fedha bendi ililishughulikia baadaye. Ilipoanza kuachia rekodi za majukwaani na za majaribio kwa ruhusa kama ile, iliongeza sharti: atakayechapa awatumie sehemu ya nakala wauze wenyewe. Mtunzi anapata chake bila mkataba wa lebo kubwa. Upotevu wa plastiki sharti hilo haliugusi, na nakala za ziada zinazotumwa kwa bendi nazo ni plastiki.