Wanyama, mkata umeme aliyetakiwa awashe taa

Juni 2017 Victor Wanyama, kiungo mkabaji wa Kenya aliyekuwa akichezea Tottenham ya England, alikuja Dar es Salaam kupumzika, na huko Ubungo akapewa mtaa. Kibao chenye jina lake kikasimikwa mwenyewe akiwepo, picha zikasambaa. Haukupita muda kikang'olewa, eti utaratibu wa kubadili majina ya mitaa haukufuatwa. Wakati ule tulicheka tu. Leo nikikikumbuka kibao kile naona kama kilitabiri jinsi jina lake lingetendewa, tena kwao Kenya zaidi kuliko kwetu: linapandishwa kwa shangwe, halafu linashushwa kimyakimya.

Wanaolishusha si watu wa chuki, na hoja zao nazijua kwa moyo. Wanasema alikuwa nahodha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kwa miaka, lakini Kombe la Mataifa ya Afrika (Afcon) kaliona mara moja tu, 2019. Wanasema yule aliyekuwa akiwapokonya mpira viungo wa England kila wikendi, akivaa jezi ya taifa alionekana mzito, kama aliyekuja kutimiza wajibu. Tottenham aliwaka msimu mmoja akazima. Machi 2020, akiwa na miaka 28, akaenda zake Montreal, na Septemba mwaka uliofuata akaiaga timu ya taifa huku wenzake wa umri huo ndio kwanza wanakomaa. Wenye kumbukumbu nzuri wanaongeza kadi nyekundu tatu za Southampton msimu wa 2015/16.

Hizo kadi sina utetezi nazo. Kiungo mkabaji anayetolewa mara tatu kwenye msimu mmoja ameigharimu timu yake, basi. Mengine ndiyo yanahitaji kuangaliwa upya, maana naona Wanyama anapimwa kwa mizani ya washambuliaji.

Chukua huo msimu wake wa kwanza Spurs, yaani Tottenham, 2016/17. Kocha Mauricio Pochettino, aliyemjua tangu Southampton, alimchukua kwa pauni milioni 11 hivi. Wengi tunaukumbuka msimu ule kwa mabao 29 ya ligi ya Harry Kane na 18 ya Dele Alli. Ni haki yao. Mimi namba inayonikaa kichwani ni 26. Hayo ndiyo mabao ambayo Spurs walifungwa kwenye mechi 38 za ligi, machache kuliko timu nyingine yoyote, hata Chelsea waliobeba ubingwa. Wanyama alicheza mechi 36 kati ya hizo 38.

Sasa kumbuka timu ile ilivyocheza. Kyle Walker na Danny Rose walikuwa mabeki wa pembeni kwa jina tu. Mpira ukianza kwenda mbele, wao wameshafika kwenye kibendera cha kona. Christian Eriksen na Alli walikuwa huru kuzurura watakako. Mpira ukipotea hapo, kuna uwanja mtupu nyuma yao wa kuegesha basi zima. Anayebaki pale ni mmoja, pengine wawili akiwepo Mousa Dembélé. Kazi yake ni kunusa pasi kabla haijapigwa, kusogea hatua mbili na kuweka mwili. Shambulizi linafia katikati ya uwanja, na kamera inarudi kumfuata Eriksen. Huku kwetu mtu wa kazi hiyo tunamwita mkata umeme, na jina limemkaa vizuri, kwa sababu ukishakatika hakuna cha kuangalia. Bao lililozuiwa namna ile halina marudio.

Kisha zipo namba nyingine nne ambazo wanaosema "alizima" hawazisomi kwa mpangilio. Mechi zake za ligi pale Spurs, msimu hadi msimu: 36, 18, 13, 2. Mchezaji mvivu au aliyelewa sifa haporomoki hivyo; huyo huwa anacheza, anacheza vibaya, tunamzomea, anacheza tena. Hizi ni namba za goti. Agosti 2017, dhidi ya Chelsea pale Wembley, alipokonywa mpira dakika za mwisho na Marcos Alonso akafunga la ushindi. Baada ya mechi ile goti likamweka nje hadi Januari. Winga akipoteza kasi kidogo anaweza kuhamia katikati akaishi kwa akili. Mkata umeme mtaji wake wote ni hatua ile ya kwanza. Ikichelewa kidogo tu, anamgonga mtu badala ya mpira, au anabaki kumwangalia akipita.

Na hapo ndipo bao la Anfield lilipotuchanganya. Februari 2018, Liverpool wanaongoza kwa bao la Mohamed Salah, Wanyama ndiyo kwanza ameingia akitoka benchi. Loris Karius anaupiga ngumi mpira wa krosi, unadundia nje ya boksi, na Wanyama anaukuta ukiwa unatembea. Hakuutuliza. Aliupiga kama ulivyokuja, ukaenda kona ya juu kabla kipa hajageuza mwili. Mechi iliisha 2-2, na likawa bao bora la mwezi la Ligi Kuu. Sote tukasema mtu amerudi. Hakuwa amerudi, alikuwa amepiga shuti. Lakini kuanzia siku ile watu walimdai mabao, kana kwamba ndiyo kazi aliyoajiriwa. Hata umaarufu wake wa mwanzo ulikuja hivyohivyo, kwa kichwa alichowapiga Barcelona akiwa Celtic Novemba 2012, siku waliposhinda 2-1.

Nadhani deni la mabao ndilo lililomtesa zaidi Harambee Stars. Klabuni alizungukwa na watu waliomruhusu afanye jambo moja kwa ukamilifu. Nyumbani alitakiwa akabe, aanzishe mashambulizi, apande, apige na penalti, kama ile ya Oktoba 2018 Kasarani walipoichapa Ethiopia 3-0. Ukimtawanya mkata umeme hivyo, lazima aonekane anatembea: anatembea kutoka kazi moja kwenda nyingine.

Mazingira nayo yasisahauliwe. Novemba 2015 Stars walikuwa wameifunga Cape Verde 1-0 Nairobi katika kuwania Kombe la Dunia. Kwa ajili ya marudiano wakakwama Uwanja wa Ndege wa Wilson kwa sababu ya ndege na malipo, wakafika Praia saa chache kabla ya mechi, wakalala 2-0. Nahodha gani angetibu hilo? Kaka yake, McDonald Mariga, naye alionja joto la jiwe mapema 2010 alipokosa kujiunga na Manchester City kwa kunyimwa kibali cha kazi, nafasi ya Kenya kwenye viwango vya FIFA ikiwa sababu. Victor ilibidi apite Ubelgiji, kisha Scotland, ndipo mwaka 2013 akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Pauni milioni 12.5 ambazo Southampton waliwalipa Celtic zilikuwa rekodi ya mchezaji kuuzwa na klabu ya Scotland.

Sisi Watanzania tunayo kumbukumbu yetu ya Cairo, Juni 2019, tulipokutana na Kenya kwenye Afcon ile. Tuliongoza mara mbili, kwa Simon Msuva na kisha Mbwana Samatta, tukafungwa 3-2. Michael Olunga mawili, Johanna Omolo moja. Nahodha wao hayumo kwenye orodha ya wafungaji. Lakini jiulize: baada ya lile la Samatta dakika ya 40, viungo wetu walipata nafasi ngapi za kugeuka na mpira wakitazama lango la Kenya?

Pale ambapo wakosoaji wananishinda ni kustaafu. Miaka 30 ilikuwa mapema. Hata kama goti lilikuwa limechoka, timu iliyokuwa inabadilisha kocha ilihitaji mkubwa mmoja chumbani, hata wa kukaa benchi. Siku chache baada ya yeye kuaga, Oktoba 2021, Mali waliwafunga Kenya 5-0. Sitasema wangefungwa machache akiwepo. Mali walikuwa wazuri mno. Ila naamini siku ile wapo waliokumbuka, bila kutamka, kazi aliyokuwa akiifanya.

Machi 2025 Neil Lennon, kocha aliyekuwa naye Celtic, alipewa Dunfermline iliyokuwa ikipigania kubaki daraja la pili Scotland. Zilikuwa zimebaki mechi chache tu. Hakuhangaika kutafuta kijana. Alimpigia simu Wanyama, miaka 33, goti lilelile.