Sebule Yangu, Kumbe ni Trapeza

Mtu yeyote aliyewahi kuamka alfajiri ya mwezi wa saba hapa Uyole, Mbeya, anajua kwamba sakafu ya huku haikanyagwi, inarukwa. Unashusha mguu kitandani, sakafu inakujibu, unaurudisha mguu juu ya blanketi na kuanza kutafuta ruhusa ya ugonjwa. Hata hivyo miaka tisa nimeishi na niru yangu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na sikusikia mtu akilalamika. Mpaka Mama Tumaini alipokwenda kwenye kikao cha kikoba kwa jirani aliyeweka marumaru.

Alirudi kimya. Akakaa kwenye kochi, akaitazama sakafu kama anaaga maiti, kisha akauliza, "Baba Tumaini, hivi sisi nyumba tunamalizia lini?"

Mimi nilikuwa najua tulimaliza mwaka ule tuliohamia.

Sasa, sakafu yetu ina siri ambayo wageni huwa hatuwaambii. Kiazi kikidondoka mlango wa jikoni hakitulii. Kiazi chenyewe cha Uyole, hakina hata mviringo wa maana, lakini kinakata kushoto, kinapita chini ya meza, kinakwenda kuegesha chini ya kochi. Kila siku palepale. Mboga ikipungua tunainua kochi kwanza kabla ya kutuma mtoto gengeni.

Fundi alipokuja kupima hakuhitaji kiazi. Aliweka pima maji chini, akachuchumaa, akacheka peke yake. "Mzee, waliomwaga jamvi hili la zege walikuwa wanawahi msibani?" Nikanyamaza. Aliyemwaga ni shemeji yangu, kaka yake Mama Tumaini, na aliyesimamia ni mimi.

Akahamia kwenye kona. Akapima mita 3 ukuta huu, mita 4 ukuta ule, akasema kama kona ni nzuri basi kutoka alama hadi alama itasoma mita 5 kamili. Ikasoma 5 na sentimita 11. Akarudia, 5 na sentimita 11. Tukapima kuta zenyewe: wa mlangoni mita 5, wa dirishani mita 5 na sentimita 18. Tumaini, ambaye yuko darasa la saba na hana huruma, akainua kichwa kwenye daftari lake. "Baba, hii sebule siyo mstatili. Ni trapeza."

Fundi akamtazama kwa heshima, kama daktari aliyepata mwenzake wa kuthibitisha ugonjwa.

Mtoto akapiga hesabu palepale. Jumlisha kuta mbili, gawa kwa mbili, zidisha kwa upana wa mita 4: mita za mraba 20 na kidogo. Ukiongeza asilimia 10 ya vipande vya kukata inafika 22 na nusu hivi. Boksi la sentimita 40 kwa 40 lenye vipande 12 linafunika mita za mraba 1.92, kwa hiyo maboksi 12 yanatosha. Fundi yeye alikuwa ameandika 18. Nikamuuliza hayo sita ni ya nini. "Ya kuvunjika, mzee." Maboksi sita! Unakuja kuzipanga au kutupiana?

Nikapanda daladala hadi Mwanjelwa kuulizia bei. Nikalalamika kama kawaida ya mteja, muuza duka akanijibu taratibu, "Mzee, hizi zimetoka Mkuranga. Zimepanda Kitonga hizi." Nikakosa la kusema. Nimewahi kuupanda ule mlima nyuma ya lori, najua mateso yake. Lakini na mimi nimepanda, mbona mshahara wangu uko vilevile?

Shemeji akasikia habari, akapiga simu kutoka Mafinga. Ushauri wake: marumaru ni baridi, weka mbao, yeye ataniletea za Sao Hill kwa bei ya undugu. Nikakiri moyoni kwamba lina maana, maana mbao haiumi mguu. Fundi akasema sawa, ila kwanza tupime unyevu. Tandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa solotepu, kiache hadi kesho. Mama mkwe, aliyekuwa amefika kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, alikizunguka jioni nzima, nadhani aliona ni mambo ya mganga. Asubuhi chini ya nailoni palikuwa na jasho. Fundi akasema mbao hapo itavimba na kupinda, maana chini ya jamvi hamkuweka nailoni.

Nailoni tulinunua! Nakumbuka hadi rangi yake. Ila wiki ile mvua ilinyesha sana, na shemeji akaifunikia pikipiki yake.

Tukarudi kwenye marumaru. Hapo ndipo fundi akanionyesha mlango. Ukisawazisha bonde la kochi na kupanga marumaru juu yake, sakafu itapanda sentimita 4, na mlango hautafunguka. Wa mbao utapigwa randa. Geti la chuma halipigwi randa, anaitwa fundi wa kuchomelea, likatwe, lipandishwe. Halafu baraza nalo linyanyuliwe, la sivyo kutakuwa na ngazi ya kumwangusha mama mkwe. Yaani nilianza na kung'arisha sakafu, sasa nachomelea chuma. Daftari limefika ukurasa wa nne na bado tuko sebuleni.

Nikaona bora niende kwa huyo jirani mwenyewe nikaangalie chanzo cha matatizo yangu. Nikakaribishwa vizuri, chai ya tangawizi, maandazi. Natazama chini: zulia. Zulia zito la manyoya, kutoka ukuta hadi ukuta. Marumaru zilikuwa zimechungulia pembeni tu, kama upindo wa kitenge. "Baridi, baba," akasema. "Miguu ilikuwa inakufa ganzi."

Nilipomweleza Mama Tumaini, hakutikisika. "Lakini zipo," akasema.

Jana fundi alikuja kuchukua kianzio. Alipoinama kuhesabu hela, tepu ya kupimia ikamponyoka mfukoni. Ikakata kushoto, ikapita chini ya meza, ikapotea. Akaanza kupapasa sakafuni kwa magoti. Nikamwambia asijisumbue, ainue tu kochi upande wa kulia, na akikuta viazi aviache, hivyo ni vya Jumapili.