Vyungu vya Nasca: virudi Peru vyote?

Wanaotaka vyungu vya kale vya Peru virudishwe kwao wana hoja nzito, na kwa vyungu vya Nasca ni nzito zaidi, maana vingi vilitolewa makaburini. Wanasca waliishi pwani ya kusini ya Peru, takriban miaka 2,000 hadi 1,300 iliyopita. Gurudumu la mfinyanzi hawakuwa nalo. Rangi zao zilikuwa udongo, na chungu kilipakwa kabla ya kuchomwa: nyeupe, nyekundu, kijivu, zambarau, kisha mistari myeusi pembeni. Chupa moja ya midomo miwili imechorwa pilipili na maharagwe tumboni. Nyingine ina kiumbe mwenye barakoa mdomoni, ameshika kichwa cha mtu kilichokatwa, midomo ya kichwa hicho imebanwa kwa miiba. Kazi ya namna hiyo kukaa stoo ya Ulaya, mbali na wajukuu wa eneo hilo, inakera.

Na lile dai la zamani kwamba Peru haina pa kuvitunza limekufa. Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kilirudisha vitu vya Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka, kuanzia 2011, na viko Cusco, Peru, vinaonekana.

Lakini upande wa pili haukosi cha kusema. Mwaka 1901 mwanaakiolojia Mjerumani Max Uhle alichimba makaburi bonde la Ica, kusini mwa Peru, kwa niaba ya Chuo Kikuu cha California, akaandika kipi kilitoka kaburi lipi. Kwa kumbukumbu hizo watafiti wa chuo hicho waliweza baadaye kupanga mitindo ya Nasca kwa vipindi, na wanaakiolojia bado wanautumia mpangilio huo. Chungu kilichouzwa na mwizi wa makaburi hakina habari hiyo, na kukirudisha Lima, mji mkuu wa Peru, hakuirudishi. (Hata Makumbusho ya Larco ya Lima, ambayo stoo yake mgeni anaruhusiwa kuitembelea, ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa makusanyo yaliyonunuliwa.)

Kwa hiyo sikubali hukumu moja kwa vyungu vyote. Vya Uhle ningependa vibaki pamoja kama kundi, popote vitakapokaa, na daftari zake zifunguliwe kwa watafiti wa Peru bila masharti. Vilivyotoka Peru baada ya sheria ya nchi hiyo ya 1929, iliyofanya mali za kale kuwa za taifa, ni kesi nyingine: anayevishikilia ndiye aonyeshe jinsi vilivyomfikia, na akishindwa avirudishe.