Hisa Zikianguka, Akiba ya Uzeeni Ihamishwe?

Tarehe 2 Aprili 2025, Rais Donald Trump alitangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu kila nchi inayofanya biashara na Marekani. Katika siku mbili zilizofuata, fahirisi ya S&P 500, inayopima bei za hisa za kampuni kubwa 500 za nchi hiyo, ilipoteza zaidi ya asilimia 10. Kwa ndugu zetu walioko kule, wauguzi, madereva wa malori na wahandisi wenye akiba ya uzeeni katika mpango wa kazini uitwao 401(k), salio lilipungua mbele ya macho yao. Na mpango huo una mlango ulio wazi: mwanachama anaweza kuhamisha akiba yake kutoka mfuko wa hisa hadi ule wa fedha taslimu kwa kubofya simu, bila kutozwa kodi, kwa kuwa fedha hazijatoka nje ya mpango.

Waliohama wakati huo hawakukaa wiki moja kabla ya kuumia. Tarehe 9 Aprili sehemu kubwa ya ushuru iliahirishwa kwa siku 90, na fahirisi ikapanda asilimia 9.5 siku hiyohiyo. Kufikia mwisho wa Juni ilikuwa imevunja rekodi yake ya awali.

Mifano kama huu ndiyo inayowapa nguvu wanaosema akiba ya uzeeni isiguswe kamwe. Wana mingine. Mwaka 2020, corona ilipoingia, fahirisi hiyo ilishuka asilimia 34 katika muda wa mwezi mmoja na siku chache, kuanzia 19 Februari hadi 23 Machi. Agosti ilikuwa imerudi ilikokuwa. Hata msukosuko wa 2008, ulioifyeka S&P 500 kwa zaidi ya nusu kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, ulifutika mwaka 2013 kwa aliyevumilia. Wanaongeza hoja ambayo naiona ndiyo nzito kuliko zote: anayehama hafanyi uamuzi mmoja, anafanya miwili. Kutoka ni rahisi, maana hofu inakusukuma. Kurudi hakuna kinachokusukuma. Siku zinazopanda sana huja katikati ya habari mbaya, na aliyetoka Machi 2020 alikuwa akingoja hali itulie huku bei zikimpita.

Sibishani na takwimu hizo. Ninachobisha ni kuzichukua New York na kuzipandisha jukwaani Nairobi kana kwamba kila soko hushuka na kurudi kwa mwendo uleule.

Januari 2007, fahirisi ya NSE 20 ya Soko la Hisa la Nairobi ilipita pointi 6,000. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 1,500. Yaani karibu miaka 17 baadaye, robo tu ya kimo chake. Mtu atasema fahirisi hiyo ni ya zamani, haizipimi kampuni kwa ukubwa wake, na haihesabu gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa. Ni kweli. Basi chukua NASI, inayobeba kampuni zote zilizoorodheshwa kwa kadiri ya thamani yake. Ilianzishwa mwaka 2008 kwa pointi 100. Mwisho wa 2023 ilikuwa 92. Mwalimu aliyeambiwa mwaka 2008 kwamba hisa hupanda daima ukizipa muda alizipa muda wa kutosha mtoto kuzaliwa na kuingia sekondari. Kilichomwokoa, kama kipo, ni gawio, wala si bei.

Si Nairobi peke yake. Fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989 na haikukiona tena hadi Februari 2024. Aliyestaafu Tokyo mwaka 1990 akingoja soko lirudi huenda hakuishi kuliona.

Kwa hiyo upande wa pili, ule wa kuhama, una miguu ya kusimamia. Nchini Kenya unayo hata nguvu ambayo Wamarekani kwa miaka mingi hawakuwa nayo: fedha taslimu hulipa. Marekani, mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022, aliyekimbilia fedha taslimu alipata riba ya karibu sufuri, na Juni 2022 mfumuko wa bei ukafika asilimia 9.1. Alikuwa akiliwa kimyakimya. Nchini Kenya, katikati ya 2024, hati za hazina za siku 91, yaani mkopo wa muda mfupi kwa serikali, zilikuwa zikitoa takriban asilimia 16 kwa mwaka, na mifuko ya soko la fedha, inayokusanya akiba za watu na kuzikopesha kwa muda mfupi, ilifuata nyayo. Kwa nini mtu ang'ang'anie hisa za kampuni inayozama wakati serikali inamlipa asilimia 16?

Jibu liko katika mwaka uleule wa 2024. NASI ilipanda takriban asilimia 34, bila kuhesabu gawio. Aliyechoka mwisho wa 2023 akauza na kukimbilia hati za hazina hakupata hasara, tuwe wakweli. Alipata riba nono. Lakini alikuwa ameuza katika bei za chini kabisa. Kampuni ya simu ya Safaricom, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 na zikakaribia 45 Agosti 2021, mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Katikati ya 2025 ilikuwa imefika takriban 25. Benki ya Equity ilikuwa ikilipa gawio la shilingi 4 kwa hisa iliyouzwa mwisho wa 2023 kwa shilingi thelathini na kitu. Yaani mwenye subira alipata gawio la zaidi ya asilimia 10 kabla bei haijasogea hata hatua moja.

Hapa inafaa kuuliza kwa nini bei zilianguka. Sehemu ya anguko hilo ilikuwa ya kampuni zenyewe: Safaricom ilikuwa ikimwaga mabilioni Ethiopia, ilikoanza huduma mwaka 2022, na wenye hisa walijua faida itachelewa. Ila sehemu kubwa ilitokana na wawekezaji wa kigeni kufungasha virago, kwa sababu riba za Marekani zilikuwa zimepanda na dola imeadimika Nairobi. Mgeni anapouza ili arudishe dola zake nyumbani, haimaanishi kwamba benki unayoimiliki kwa hisa 2,000 imeacha kupata faida. Anayetofautisha anguko la namna hii na la kampuni inayokufa ana sababu ya kukaa. Asiyeweza, na wengi wetu hatuna muda wa kusoma hesabu za kampuni, anaamua kwa kutazama rangi nyekundu kwenye simu.

Na usalama wa fedha taslimu nao una tundu. Chukua mstaafu mwenye milioni 5 aliyeziweka zote katika hati za hazina katikati ya 2024. Kwa asilimia 16, riba ya mwaka, kabla ya kodi, ni shilingi 800,000. Mwaka mmoja baadaye hati hizohizo zilikuwa zikitoa kama asilimia 8. Mtaji wake haujapungua hata senti, ila mapato yamekatika nusu: 400,000. Kodi ya nyumba na dawa za presha hazikukatika nusu. Hatari ya hisa huiona kila mtu kwa sababu inaandikwa kila jioni. Hii ya pili humjia mtu siku hati inapoiva na anapaswa kununua nyingine. Hatifungani za miaka mingi, yaani mikopo ya muda mrefu kwa serikali, zinapunguza tatizo hilo, lakini zina lake: riba zikipanda, bei yake sokoni hushuka, na anayelazimika kuuza mapema huumia.

Mtu mwingine kabisa ni kijana wa miaka 32 aliye katika mpango wa kazini. Huyu soko likianguka ananunua kwa bei ya chini kila mshahara unapokatwa, na kilio cha wenye hisa ni faida yake ya baadaye. Kumwambia ahamishe akiba yake yote kwenye fedha taslimu kwa sababu ya ushuru wa Trump au uchaguzi wa Kenya ni kumdhulumu miaka 28 iliyobaki kabla hajastaafu akiwa na 60. Labda katika soko kama letu nisingemwambia pia aweke yote katika hisa za Nairobi, ambako kampuni moja ya simu na benki chache ndizo soko.

Mstaafu ndiye mwenye hesabu ngumu. Turudi kwenye milioni 5, safari hii zote ziwe hisa, naye anatoa 40,000 kila mwezi, sawa na 480,000 kwa mwaka. Soko likishuka asilimia 30 mwaka wa kwanza, zinabaki milioni 3.5, na akitoa matumizi yake anabaki na milioni 3.02. Ili arudi milioni 5 anahitaji soko lipande karibu asilimia 66, huku bado anakula. Aliyekuwa kazini angehitaji asilimia 43 tu, tena bila kuhesabu michango yake inayoendelea kuingia. Soko ni lilelile, anguko ni lilelile, lakini mmoja amepigwa mara mbili. Wanaohubiri "usiguse" hawapendi kuisema sehemu hii, na nikumbushe kwamba wengi wao hulipwa kwa kadiri ya fedha unazoacha kwao. Wakala wa hisa naye hulipwa unaponunua na unapouza, basi ushauri wake usikilizwe kwa sikio hilohilo.

Nikipima yote haya, kuhama naona ni halali, lakini kuongozwe na umri na matumizi, si na habari za jioni. Washauri wengi husema mstaafu aweke kando matumizi ya miaka miwili au mitatu. Kwa Nairobi haitoshi. NASI ilikuwa juu sana 2021, na mwisho wa 2024, pamoja na kupanda kule kote, ilikuwa bado haijarudi pale. Marekani yenyewe ilichukua zaidi ya miaka mitano kati ya 2007 na 2013. Miaka mitano basi: kwa mstaafu wetu ni milioni 2.4, karibu nusu ya akiba, katika hati za hazina, hatifungani fupi na mfuko wa soko la fedha. Nusu ya pili ibaki katika hisa. Na uhamisho huo uanze miaka mitano kabla ya kustaafu, kidogokidogo kila mwaka, soko likiwa juu au chini. Anayeanza kuhama siku ya anguko amechelewa, na kwake ningesema ahamishe michango mipya kwanza, ile ya zamani aiache.

Kwa mwenzetu wa Tanzania mambo ni tofauti. Mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF ya sekta binafsi na PSSSF ya watumishi wa umma, hulipa pensheni kwa kanuni, na mwanachama hachagui hisa wala fedha taslimu. Uchaguzi unamhusu kwa akiba ya ziada, kwa mfano aliye na vipande vya Mfuko wa Umoja, wenye hisa ndani yake, wa kampuni ya uwekezaji ya UTT AMIS, anayefikiria kuvihamishia Mfuko wake wa Ukwasi, usio na hisa.

Nchini Kenya pia wengi wanaumizwa kichwa na uamuzi ambao umeshafanywa kwa niaba yao. Kanuni zinaruhusu mpango wa pensheni kuweka hadi asilimia 70 katika hisa zilizoorodheshwa, lakini kufikia 2023 mipango kwa jumla ilikuwa na chini ya asilimia 10 humo, na karibu nusu ya mali yote katika dhamana za serikali. Wadhamini wanaosimamia mipango hiyo walishahama, taratibu, kwa miaka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama uhame, omba taarifa ya mwaka ya mpango wako uone uko wapi. Uliza kama mwanachama anaruhusiwa kuchagua mfuko, anaweza kubadili mara ngapi kwa mwaka, na ukiagiza leo uhamisho utafanywa kwa bei ya siku gani. Ukijibiwa kwamba ni bei ya mwisho wa robo mwaka, wazo la kulikimbia anguko la wiki hii limekwisha hapo.