Sikumkaba Mkwe Wangu

Kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kutangaza kwenye kundi la ukoo kwamba Jumapili nilimkaba koo baba yake mezani hadi akatoka damu, naomba mnisikilize kabla hamjaniitishia kikao cha wazee. Damu ilikuwepo, na mkono wangu ulikuwepo kooni, hayo siyakatai. Lakini damu ile haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya mbwa.

Mnaonifuata humu mnamjua mbwa wangu Popi, na mnakumbuka nilivyojigamba kwa picha zake akimeremeta baada ya kuogeshwa dawa ya kupe. Nyasi nilizifyeka, kibanda nikakifagia, watoto nikawakagua kwapani na nyuma ya masikio, kisha nikatangaza kwamba uani kwetu Usa River kupe wamekuwa historia. Ukuta wa baraza haukunijia akilini kabisa. Kumbe kupe wa mbwa hufanya makazi yake hasa nje ya mbwa: akishashiba hujiachia, hupanda ukutani akajificha kwenye nyufa, na jike mmoja hutaga humo mayai elfu kadhaa. Baba mkwe, bwana mifugo mstaafu aliyemalizia ujana wake kwenye majosho ya ng'ombe, aliketi akiwa ameegemea ukuta huohuo, ndani ya shati jeupe la kanisani.

Mzee haombei chakula kwa haraka. Huanza na wasafiri, hupitia wagonjwa na serikali, ndipo pilau ikumbukwe. Alipofika kwa wagonjwa nilifumbua jicho moja (msinihukumu, hata ninyi hufumbua) nikamwona kupe aliyevimba kama mbegu ya nyonyo akikwea ukosi wa mzee, mguu baada ya mguu, na miguu anayo minane. Hakuwa na haraka yoyote. Alisimama kwenye kishikizo, akapapasa hewa kwa miguu ya mbele, akageuka kuelekea shingoni. Nikanyoosha mkono juu ya bakuli la kachumbari, taratibu, vidole viwili vikiwa tayari, huku mzee akimsihi Mungu atuepushe na adui wanyemeleao. Nikamshika. Akang'ang'ania kitambaa. Nikavuta, ukosi ukaja naye. Wakati huohuo mzee aliinua kidevu ili aseme "Amina", vidole vyangu vikabanwa kati ya shingo na shati, na kupe akapasuka.

Watu wote walifumbua macho kwa pamoja. Walichokiona ni mkono wangu kooni mwa baba mkwe na doa jekundu likitambaa kwenye ukosi mweupe. Mama mkwe akapiga yowe, "Yesu wangu, anamuua!" Shemeji, badala ya kuamulia, alikuwa amekwisha kutoa simu.

"Shikamoo, Baba," nilisema. Sijui kwa nini. Tulikwisha kusalimiana tangu asubuhi.

"Marahaba, mwanangu," alijibu bila kutikisika, kisha akaufungua mkono wangu, akayachunguza mabaki na kunisomea hapohapo. Kupe haminywi tumbo; aliyeng'ata hushikwa kwa kibanio karibu kabisa na ngozi akavutwa moja kwa moja, bila mafuta ya taa wala kiberiti, na huyu hata kung'ata hakuwa ameng'ata. "Mbwa umemwogesha. Ukuta umeuogesha? Waliobaki humo wanampanda upya." Akauliza pia kuhusu paka, nami nikamwambia kwa fahari kwamba nilipanga kumpaka dawa ileile ya Popi. Mzee alifumba macho kuliko alivyofumba kwenye sala. Baadhi ya dawa za kupe za mbwa, hasa zenye kemikali ya pemetrini, huweza kumuua paka.

Nikanawa kwa sabuni, shati likalowekwa, mchana ukaishia kwa mimi kunyunyizia nyufa dawa huku mzee akisimamia kutoka kitini. Ila kabla ya hapo ilibidi tule, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameitikia "Amina", sala ikarudiwa kuanzia kwa wasafiri. Safari hii mama mkwe aliketi katikati yetu, na macho hakuyafumba.