Mtoto anayetoa uloto naye ana lake la kusema

Juzi, zamu ya asubuhi hospitalini hapa Leeds, England, nilimkuta binti mdogo kitandani na mwanasesere aliyebandikwa plasta mbili, moja kila upande, juu kidogo ya makalio. Mgonjwa si yeye, ni kaka yake. Yeye ndiye anayetoa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na mhudumu alikuwa anamwonyesha kwa huyo mwanasesere sindano itapita wapi akiwa kwenye nusu kaputi. Binti akauliza, "Seli zangu zikichukuliwa zitaisha?" Akajibiwa taratibu, bila haraka, kwamba mwili hutengeneza nyingine ndani ya wiki chache, na kwamba kiuno kitamuuma siku kadhaa.

Nilifurahi sana, kisha nikapata uchungu, maana nilimkumbuka mpwa wangu wa Buhongwa, Mwanza.

Mpwa wangu alitoa uloto kwa mdogo wake mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Walipelekwa India, kwa michango ambayo wengi wenu mnaosoma mlichanga, Mungu awabariki. Yeye aliambiwa anamsindikiza mdogo wake. Siku ya upasuaji akaambiwa ni "vipimo kidogo". Kwenye kundi letu la WhatsApp tulimwombea mgonjwa kwa jina kila jioni; jina la aliyetoa halikutajwa hata mara moja. Kisha seli mpya zikaanza kuushambulia mwili wa mdogo wake, ngozi ikawa inachubuka, na watu wazima wakawa wanasema mbele ya mpwa wangu kwamba uloto wa kaka yake unamkataa. Usiku mmoja akamuuliza mama yake, "Kwani mimi damu yangu ni mbaya?"

Najua mtakachosema. "Kaenda Ulaya, sasa anatufundisha kulea." Kwetu hata kitanda ni shida, huyu anataka wanasesere! Wala sitaki wanasesere. Na sijasahau nilikotoka: nimezaliwa Igogo, Mwanza, nimekulia huko, na selimundu imo kwenye ukoo wetu. Niliposikia Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wa selimundu mwaka 2023, niliwapigia simu watu hata wasiohusika. Sasa mzazi wa Mwanza anapanda basi kupitia Shinyanga na Singida, hahitaji visa wala harambee ya miaka. Hilo ni jambo letu la kujivunia na nalisema kwa kifua mbele.

Lakini maana yake ni kwamba watoto wengi zaidi watatoa. Mtoto wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na uloto unaolingana na wa mgonjwa, na hata aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu anaweza kufaa. (Kulwa na Doto wa yai moja hawafai, maana mmoja akiwa nayo, mwenzake anayo pia.) Kwa hiyo kwenye nyumba yenye watoto watano macho yote yatamwangukia mmoja, naye ana miaka saba.

Hapa England, mtoto ambaye bado hawezi kuamua mwenyewe, sahihi ya wazazi peke yake haitoshi. Kwa sheria ya tishu za binadamu ya mwaka 2004, mtu asiyehusika na tiba ya mgonjwa huongea na mtoto na wazazi, huangalia kama kuna anayemsukuma au kumwahidi zawadi, kisha mamlaka inayosimamia sheria hiyo ndiyo inayoruhusu. Madaktari wa watoto wa Marekani nao walisema mwaka 2010 kwamba mtoto anayetoa awe na mtetezi wake.

"Akikataa je, mdogo wake afe?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kila mara, tena kwa hasira. Ndugu zangu, wengi wao hawakatai. Wanapenda ndugu zao kuliko tunavyodhani. Wanachotaka ni kujua nini kitawapata, na waangaliwe wakiamka na maumivu. Na huu si uzungu: Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu. Tumeiandika wenyewe. Inaniudhi kwamba kumsikiliza mtoto hakuna gharama, na bado hatufanyi.

Kama nyumbani kwenu kuna mtoto anayejiandaa kutoa, mteulieni mtu wake: shangazi, mjomba, mwalimu anayempenda. Asiwe mama, mama atakuwa na mgonjwa. Huyo akae naye faragha kabla ya safari, amwambie sindano inaingia wapi na itauma siku ngapi, amsikilize akilia. Akizinduka, awe kando ya kitanda chake. Na mgonjwa akizidiwa, au akifariki, mtu huyohuyo amwambie mtoto siku hiyohiyo kwamba hakukosea kitu, na arudie tena mwezi unaofuata, na mwaka unaofuata.